Maji, Mahekalu na Mdudu wa Mpunga: Tuliyojifunza Kutoka Bali



Nimeombwa nizungumzie utafiti unaovuka mipaka ya vitivo. Ningeweza kutaja mifano kumi juu juu. Nimeona heri nichukue kisiwa kimoja, Bali nchini Indonesia, nikae nacho. Huko, maswali ya sayansi asilia na ya afya yamepata majibu ndani ya mambo ambayo sisi huyaweka kwenye kabati la utamaduni. Na pale wataalamu walipokataa kulifungua kabati hilo, walioumia ni wakulima.

Nianze na maji. Katikati ya Bali kuna milima ya volkano, na Ziwa Batur limo ndani ya shimo la volkano mojawapo. Mito hushuka kupitia makorongo yenye kina kirefu. Maji yake huchepushwa kwa mabanio madogo, yakapita katika mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono, mpaka kwenye majaruba ya mpunga yaliyokatwa ngazi kwa ngazi mlimani. Wakulima wanaonyweshea kutoka chanzo kimoja wana chama chao kiitwacho subak, na maandishi ya karne ya 11 tayari yanavitaja vyama hivyo. Kila subak ina kiongozi, pekaseh, ina sheria zake na ina hekalu lake. Mfereji unapogawanyika, gogo lililochongwa mapengo hulazwa ndani ya maji. Upana wa pengo ndio haki ya kila upande, na mkulima yeyote anaweza kusimama pale akaona kwa macho yake kama anapunjwa. Juu ya mahekalu ya subak kuna mahekalu ya maji yanayounganisha vyama vingi, na juu ya yote lipo Pura Ulun Danu Batur, hekalu la Dewi Danu, mungu wa kike wa ziwa. Tarehe za kufungulia maji na za kupanda hukubaliwa katika mikutano ya mahekalu hayo, kwa kufuata kalenda ya siku 210.

Katika miaka ya 1970 serikali ya Indonesia ilitaka mchele mwingi kwa haraka, na ilikuwa na sababu nzito: nchi ilikuwa na watu wengi na ilitegemea mchele wa kuagiza. Zikaletwa mbegu zinazokomaa mapema, zilizozalishwa kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga huko Los Baños, Ufilipino, pamoja na mbolea za viwandani na viuatilifu. Wakulima wakaagizwa wapande mara nyingi kadiri wawezavyo, wasingoje ratiba ya hekalu. Mavuno yakapanda kwanza. Kisha maji yakaanza kugombaniwa, na wadudu wakafumuka. Mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mashina ya mpunga aliangamiza mashamba. Ikaletwa mbegu inayomstahimili, nayo ikaangushwa na virusi vya tungro. Dawa zilizopulizwa ziliua pia buibui waliokuwa wakimla mdudu huyo. Hali ilikuwa mbaya nchini kote, hata mwaka 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za viuatilifu katika kilimo cha mpunga.

Wakulima wa Bali walikuwa wamekwisha kusema: turudishieni ratiba ya hekalu. Wahandisi wa mradi mkubwa wa umwagiliaji uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Asia hawakulipa uzito ombi hilo. Kwao hekalu lilikuwa mahali pa sadaka, na mfereji ulikuwa mahali pa hesabu.

Hapo ndipo anaingia J. Stephen Lansing, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyekuwa akiyachunguza mahekalu hayo, akishirikiana na James Kremer, mwanaikolojia. Waliiingiza mito miwili, Oos na Petanu, katika kompyuta pamoja na subak 172 zilizo kati yake: mvua, mtiririko wa mto, ukuaji wa mpunga, wadudu. Kisha wakauliza swali moja: je, ni subak ngapi zinazopaswa kupanda kwa pamoja?

Naomba tutulie hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mpunga hudai maji mengi zaidi mwanzoni, jaruba linapojazwa. Bonde zima likipanda siku moja, mto hautoshi. Lakini kila chama kikipanda kwa wakati wake, maji yanatosha na wadudu wananeemeka, kwa sababu daima kuna shamba bichi jirani la kuhamia. Dawa ya wadudu ni eneo pana kuvunwa kwa mara moja na kuachwa limefurika maji bila zao. Wanakosa chakula na makazi, wanakufa. Kwa hiyo mkulima anavutwa na mambo mawili yanayopingana. Kompyuta ilijaribu mipangilio mbalimbali, kuanzia kila mmoja kivyake hadi wote pamoja. Mavuno bora yalipatikana katikati, kwenye makundi yenye ukubwa unaokaribiana mno na ule wa makundi ya mahekalu ya maji. Baadaye waliziacha subak za ndani ya kompyuta zimuige jirani aliyevuna vizuri. Bila mfalme wala mhandisi, mitandao inayofanana na ya mahekalu ikajitokeza yenyewe.

Matokeo hayo yanajibu pia swali la siasa. Mkulima wa juu ndiye mwenye bomba mkononi, kwa nini amgawie wa chini? Anamgawia kwa sababu wa chini, akinyimwa maji, atapanda kwa wakati mwingine, na wadudu wake watapanda mlima. Wa juu anahofia wadudu, wa chini anahofia ukame, na hofu hizo mbili zinawakalisha chini ya paa moja la hekalu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 tathmini ya benki yenyewe ilikubali kwamba mahekalu yale yalikuwa na kazi katika usimamizi wa maji. Mwaka 2012 UNESCO iliiingiza mandhari ya subak katika Urithi wa Dunia.

Utafiti haukuishia shambani. Udongo wa volkano una fosforasi na potasiamu, na maji ya mifereji huvileta virutubisho hivyo jarubani bila malipo. Sehemu kubwa ya mbolea iliyoongezwa iliishia baharini. Wanasayansi walichukua mifupa ya matumbawe ya pwani ya Bali, wakapima isotopu za naitrojeni tabaka kwa tabaka, na katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 wakaonyesha alama ya mapinduzi yale ya kilimo ikiwa imeandikwa ndani ya tumbawe. Mwaka 2017 Lansing na wenzake, safari hii wakiwamo wanafizikia, walitazama picha za setilaiti na kuonyesha kwamba mabaka ya mpunga ulio katika hatua moja ya ukuaji yanafuata kanuni za hisabati zinazofanana na zile za sumaku inapokaribia kubadili hali yake.

Upande wa afya, nitataja kijiji kimoja tu: Bengkala, kaskazini mwa kisiwa. Takriban asilimia mbili ya wakazi wake huzaliwa viziwi, na kwa vizazi kadhaa kijiji kimekuwa na lugha yake ya alama, Kata Kolok, inayozungumzwa pia na wakazi wengi wanaosikia. Anayetaka kutaja wakati wa siku huelekeza mkono pale jua linapokuwa angani wakati huo. Watafiti wa jeni walifanya kazi na familia za Bengkala, na mwaka 1995 wakaonyesha kwamba chanzo cha uziwi huo kiko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 1998, kwa msaada wa panya waliozaliwa viziwi na kwa kulinganisha na familia za India, jeni yenyewe ikajulikana: MYO15A, inayohusika na vinyweleo vya seli za sikio la ndani. Hiyo ni kazi ya heshima. Lakini aliyesoma jeni peke yake angeona ugonjwa katika kijiji ambacho kiziwi huoa, huolewa, hulima na hupiga soga na jirani anayesikia. Ilibidi wanaisimu wafike ili nusu hiyo ya ukweli nayo iandikwe.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Seneti ya chuo hiki iruhusu tasnifu moja isimamiwe na vitivo viwili, na kila mradi wa maji au wa afya unaoombewa fedha kwa jina letu uwe na mtafiti wa jamii tangu siku ombi linapoandikwa. Nanyi wanafunzi wa uhandisi, kabla hamjachora banio jipya popote pale, nendeni mkaulize nani anagawa maji hapo sasa, kwa siku zipi, na kwa nini siku hizo.