Kuhesabu Ndege wa Bahari Kisiwani Skomer



Leo napenda kuwaeleza habari za Skomer, kisiwa kidogo kilicho karibu na pwani ya Wales, magharibi ya Uingereza. Ukubwa wake wapata eka 700 na kitu, na mji hakuna. Lakini kila mwaka, majira ya joto yanapokaribia, ndege wa bahari huja huko kwa malaki ili wazae. Wako waliochimba mashimo ardhini, ambao hurejea usiku wakilia kwa sauti za kutisha, hata mgeni asiyewajua angedhani ni majini.

Mimi nitasema zaidi juu ya ndege mmoja aitwaye gilimoti. Mgongo wake ni mweusi, tumbo jeupe, naye husimama wima kama mtu. Hajengi kiota, hutaga yai moja tu juu ya mwamba mtupu wa jabali, huku amebanana na wenziwe bega kwa bega. Kinda akipata majuma matatu hivi hujitupa baharini, ingawa hajajua kuruka, na baba yake humfuata ili kumlisha.

Kwa kuwa hakuna viota, wahesabuji hawana budi kuwahesabu ndege wenyewe, mmoja mmoja, mwezi wa Juni, tena kwa kurudia siku kadha wa kadha. Wengine huvishwa pete miguuni, ili ijulikane mwaka hata mwaka nani yu hai na nani hakurudi.

Yasemekana katika miaka ya 1930 gilimoti wa Skomer walipata 100,000. Bwana Tim Birkhead alipoanza kuwachunguza mwaka 1972, walikuwa wamebaki kama 2,000. Mafuta yaliyomwagika kutoka merikebu zilizozamishwa vitani yalikuwa sababu kubwa ya kupungua huko. Tangu hapo waliongezeka polepole, hata wakapita 20,000.

Ikawa baada ya miaka 40 na zaidi ya kazi hiyo, Bwana Birkhead akaarifiwa kwamba fedha za serikali za kuiendesha zingekoma. Jumla yake kwa mwaka ilikuwa pauni 12,000 hivi. Mimi naona huko ni kama mwenye duka aliyeacha kuandika daftari ili asinunue wino.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 zikavuma dhoruba kali, majuma kwa majuma. Ndege hawakuweza kuvua samaki katika bahari iliyochafuka vile, wakafa kwa njaa. Maiti zaidi ya 40,000 za ndege wa bahari zilitupwa pwani za Ulaya ya magharibi, wengi wao Ufaransa. Wangapi walikuwa wa Skomer? Hapana awezaye kujibu ila yule aliyewahesabu kabla na baada.

Bwana Birkhead akawaomba watu wote msaada, nao wakachanga, kila mtu kwa kadiri yake, hata kazi ikaendelea. Hesabu za pete zikaonyesha kwamba vifo vya ndege wazima mwaka ule vilizidi sana desturi. Tena gilimoti hukawia kuzaa, kwa kawaida mpaka apate miaka kama 7. Basi kinda aliyejitupa baharini mwaka 2014 hakutazamiwa kurudi kutaga yai lake la kwanza mwambani kabla ya mwaka 2020 au 2021.