Maana ya RDW katika Majibu ya Damu



Mtu apimwapo picha kamili ya damu hupewa karatasi yenye tarakimu nyingi. Mstari mmoja huandikwa RDW, na pengine kando yake huwekwa H, yaani kipimo kimezidi kiwango. Wapo waionao H hiyo wakaenda moja kwa moja duka la dawa kununua dawa ya kuongeza damu. Twawaomba msifanye haraka hiyo.

RDW hupima jambo moja tu: kadiri chembe nyekundu za damu zinavyotofautiana kwa ukubwa. Kwa mtu mwenye afya chembe hizo hukaribiana, mithili ya punje za mtama zilizochekechwa. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni asilimia 11.5 hadi 14.5. Kikizidi, chembe kubwa na ndogo zimechanganyika. Kwa nini zimechanganyika, kipimo hicho hakisemi.

Kwa hiyo daktari huisoma RDW pamoja na himoglobini na MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe, ambao kwa mtu mzima huwa takriban 80 hadi 100. RDW ikiwa juu na MCV chini, hufikiria kwanza upungufu wa madini ya chuma, uletwao na lishe duni, ujauzito, hedhi nyingi au minyoo ya safura inyonyayo damu utumboni. MCV ikiwa juu, huchunguza upungufu wa asidi ya foliki au vitamini B12. Selimundu, ugonjwa wa kurithi uliopo sana Kanda ya Ziwa, nao huweza kupandisha RDW. Mtoto wa selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma kingi tayari. Kumpa dawa ya chuma bila kupimwa ni kumdhuru.

Vilevile, RDW ya kawaida si cheti cha afya. Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ana upungufu wa damu, hata RDW yake ikiwa sawa. Na mgonjwa aliyeanza dawa ya chuma asishtuke RDW ikipanda kwa muda: chembe mpya zimechanganyika na zile za zamani, ambazo huishi takriban siku 120. Asiache dawa.

Basi, mpokeapo majibu, fanyeni haya:

1. Ombeni nakala na kuitunza, ili majibu yajayo yalinganishwe nayo.
2. Mwelezeni daktari kama mliongezewa damu karibuni, mna ujauzito, au mnatumia dawa yoyote.
3. Ulizeni: "Sababu ni nini, na kipimo gani kitaithibitisha?"
4. Mkiona pumzi inakatika, moyo unaenda mbio au mtoto amepauka na kulegea, nendeni kituo cha afya mara moja.

Kuelezwa majibu yenu ni haki yenu. Msiondoke na karatasi msiyoielewa.