Mintarafu ya Ndoana, Waya na Fundo katika Uvuvi wa Nguru: Mada kwa Wavuvi wa Mshipi Wakaao Tandale



Nimeombwa nizungumze juu ya zana za mwisho wa mshipi, yaani vile vitu vikaavyo baina ya mshipi na kinywa cha samaki, na nimeitika kwa taadhima, ingawa nafahamu kwamba wengi walioketi mbele yangu walianza kutia chambo kwenye ndoana kabla mimi sijajua kusoma, na kwamba hapa Tandale, ambapo bahari haionekani wala haisikiki, mvuvi huamka saa tisa za usiku akatafuta usafiri wa kumfikisha Msasani au Kunduchi kabla maji hayajamwacha. Mtu wa namna hiyo kumweleza maana ya chambo ni kumdhulumu usingizi wake. Fasili, basi, nitazipita hima. Aidha, niyasemayo ni tajiriba yangu mwenyewe, wala yasichukuliwe kuwa ni kauli ya idara inayonilipa mshahara.

Nguru, ambaye wataalamu humwita Scomberomorus commerson kwa jina alilopewa na Mfaransa Lacepède mwaka 1800, ni wa ukoo mmoja na jodari na vibua. Ana milia iliyokingama ubavuni, aweza kupita urefu wa mita 2, na riziki yake ni dagaa, vibua, chuchunge na ngisi. Huvuliwa kwa jarife, na huvuliwa kwa mshipi wa kurambaza nyuma ya ngalawa, mashua au boti. Ndoana mwaijua, chubwi mwaijua. Yatosha.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nimeshindana nalo kwa miaka mingi, nalo ni meno. Meno ya nguru ni bapa, ya pembetatu, yenye makali kama wembe, na desturi yake ni kumjia windo kwa kasi kutoka nyuma, akamkata mkia kwanza ili asiweze kukimbia, kisha akageuka kummalizia. Angalieni basi yanayotokea: mvuvi aliyetia ndoana moja puani mwa chuchunge huvuta kichwa kitupu kilichokatwa vizuri kama kwa kisu, na mvuvi aliyefunga ndoana yake kwa nailoni tupu hapati hata hicho kichwa. Wa kwanza husema samaki hawali. Wa pili husema mshipi ni mwembamba, akaenda dukani kununua mnene zaidi. Wote wawili wamekosea, na kosa la huyu wa pili ndilo linaloniumiza, kwa kuwa limemgharimu fedha. Nailoni hata ikiwa nene mara mbili hukatwa na meno yale yale, ilhali unene wake hukifanya chambo kiende kikavu kama kijiti, na samaki mwenye macho makali mchana wa jua huuona akajitenga.

Dawa ni waya, na hilo nalo si geni kwenu. Lakini waya upi? Nimeona katika fuko zetu waya uliofumuliwa kutoka breki za baiskeli kuukuu, na simlaumu aliyeufumua, kwani alitumia akili pale ambapo duka halikuwa na kitu. Ila waya wa nyuzi nyingi uliokwisha tumika hushika kutu ndani kusikoonekana, na meno huukata uzi baada ya uzi, hata ule wa mwisho ukaachia karibu na ubavu wa chombo, samaki akiwa amekwisha onekana. Ufaao ni waya wa chuma wa uzi mmoja, mwembamba, usiofika nusu milimita, ambao hata hivyo hubeba takriban kilo 30, na urefu wa dhiraa moja watosha. Una aibu moja tu: ukipinda pembe kali, hapo hapo ndipo utakapokatika, na kuunyosha hakuponyi. Uliopinda ni wa kutupwa, hata kama ni wa leo asubuhi.

Na fundo. Waya haufungwi kama ugwe. Kwa miaka mingi mimi nami nilikuwa nikiupitisha kwenye tundu la ndoana, kisha nikiizungusha ncha juu ya waya wenyewe kama mmea utambaavyo juu ya mti, nikiona kwamba kazi imekwisha. Hata siku moja, si mbali na Fungu Yasini, mzunguko ule ulijinyosha polepole mbele ya macho yangu nikiwa na nguru mkubwa, nikabaki na waya mzima ulionyooka usio na ndoana. Tangu siku hiyo nafanya hivi: kwanza nasokota pande zote mbili za waya kwa pamoja, kila upande ukiuzunguka mwenzake sawasawa kama kamba isokotwavyo, mara nne, hapo ndipo penye nguvu. Kisha, na si kabla, nazungusha ncha kwa mizunguko mitano iliyobanana. Mwisho siukati kwa koleo, kwa maana koleo huacha kijimwiba kinachochana mkono na kunasa majani ya bahari. Naipinda ncha kama mpini wa kuzungushia, naipeleka huko na huku, hata ivunjike yenyewe, laini.

Kiungo cha shaba kinachozunguka ili mshipi usisokoteke na kiwe kidogo na cheusi. Kikimetameta, nguru wa pili hukidhania kidagaa, akakiuma, akakata mshipi juu ya waya wako wote, na juhudi yote imekwenda bure.

Hapana budi niseme wazi, kwa adabu, kwamba haya nimeyasema katika semina zaidi ya moja, na kila semina hufungwa kwa kusifiwa, kisha msaada ukija huja nyavu. Sizipingi nyavu. Lakini mshipi ndio zana ya mtu mwenye mtaji mdogo, na ndio humletea mwenye kuuvuta samaki mmoja mmoja, wa hali bora, asiyechanika. Fauka ya hayo, nguru ni mmoja wa aina 16 za samaki zilizo chini ya uangalizi wa Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, na mvuvi wa mshipi hana haja ya kuzoa kundi zima apate kula.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila chambo kizima kitiwe ndoana mbili, ya mbele puani na ya pili karibu na mkia, zimeunganishwa kwa kipande cha waya ule ule, kilicholegea kidogo ili chambo kisipinde. Kwamba ndoana ziwe kali, na kila mmoja awe na tupa ndogo chomboni. Kwamba wenye maduka waandike unene wa waya wanaouuza, kwani kununua kwa kukisia ni hasara. Kwamba vikundi vya wavuvi vinunue bunda zima na kugawana, maana bei ya kipande kimoja kimoja ni ghali. Kwamba wakufunzi waliosoma chuo cha uvuvi cha Mbegani waalikwe kuja kufundisha fundo kwa mikono, si kwa ubao. Kwamba waya wa breki uachwe. Kwamba waya uliopinda utupwe, nami nalirudia hili kwa kuwa najua halitafuatwa. Na kwamba nailoni nene isihesabiwe tena kuwa ni dawa ya meno.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na bunda moja la waya na ndoana hamsini. Baada ya chai naomba meza hizi zisogezwe ukutani, tukae chini, na kila mmoja afunge fundo lake, kisha alitundike kwenye nondo ya dirisha na kulivuta kwa uzito wake wote mbele yetu.