Kunoa Mnyororo wa Chenso kwa Mashine ya Umeme

 

Leo hatuzungumzi mahindi, wala tumbaku, wala kahawa. Tunazungumza juu ya chombo ambacho siku hizi kimeingia katika mashamba yetu mengi, yaani msumeno wa mnyororo, ule tunaouita chenso. Na hasa tutazungumza jinsi ya kuunoa mnyororo wake kwa mashine ya umeme ya mezani bila kuumia, na bila kuuharibu mnyororo wenyewe.

Wazee watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakapanda miti. Leo mkulima mdogo wa Ruvuma mwenye robo eka ya mikaratusi au misindano ana akiba yake imesimama shambani. Lakini akiba hiyo haiji nyumbani mpaka ikatwe, na mkataji ni chenso.

Zamani kunoa kwetu kulikuwa kwa tupa tu. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia kubwa ya umeme kutoka Makambako. Umeme ukiwa wa uhakika zaidi, mafundi huweza kuweka mashine za umeme mezani. Mashine ya kunolea minyororo ni mojawapo. Ni nzuri, ni ya haraka. Lakini haraka hiyo hiyo ndiyo inayoumiza macho ya mafundi na kuunguza minyororo ya wakulima. Haraka haraka haina baraka, na kwa mashine hii methali hiyo ni kweli tupu.

UTAJUAJE KAMA MNYORORO NI BUTU?

Tazama kinachotoka kwenye mti. Mnyororo mkali hutoa chenga kubwa kubwa za mti. Mnyororo butu hutoa unga kama wa mashine ya kusaga. Dalili ya pili, inakubidi uusukume msumeno kwa nguvu ndipo ukate. Ya tatu, mti unatoa moshi ingawa mafuta ya mnyororo yapo. Ya nne, msumeno unakwenda upande, unataka kukata upinde badala ya kunyoka.

Ukiziona dalili hizo, simama. Wengi husema, "Nimalizie mti huu mmoja tu." Ndugu yangu, mtu anayesukuma chenso butu huchoka upesi, miguu yake haisimami vizuri, na ndipo msumeno unapomponyoka. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwenye kisu butu hujikata mwenyewe.

TUPA AU MASHINE?

Vyote viwili vina kazi yake. Tupa ya duara ni ya shambani. Kila unapoweka petroli, pitisha tupa mara mbili tatu kwa kila jino, nawe utafanya kazi siku nzima. Tupa hula chuma kidogo sana.

Mashine ni ya kurekebisha. Mnyororo ukigonga jiwe au msumari, au meno yakipishana urefu kwa kunolewa ovyo, hapo mashine itayarudisha sawa. Lakini mashine hula chuma kingi kuliko tupa. Mkulima anayepeleka mnyororo kwenye mashine kila Jumamosi ataumaliza kabla ya wakati wake. Basi, si lazima kila mkulima anunue mashine. Lililo lazima ni kila mwenye chenso ajue kazi hii inavyotakiwa kufanywa, ili akienda kwa fundi asiharibiwe mali yake akitazama.

KABLA YA KUWASHA

Kwanza, mahali. Mashine ifungwe kwa boliti juu ya meza imara, penye mwanga wa kutosha. Inatoa cheche, kwa hiyo isiwe chini ya paa la nyasi, wala karibu na maranda ya mbao. Petroli na chenso yenyewe vikae nje ya kibanda. Watoto nao wasisogee.

Pili, umeme. Tumia plagi ya miguu mitatu yenye waya wa ethi unaofanya kazi. Waya uliochubuka usifungwe kwa kipande cha mfuko wa plastiki, badilisha. Usisimame penye maji, wala usishike swichi kwa mikono iliyolowa. Na kila unapotaka kubadilisha jiwe au kusafisha mashine, chomoa plagi kabisa ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana mtu mwingine anaweza kuiwasha bila kujua.

Tatu, jiwe la kunolea. Hili nawaomba mlisikilize vizuri. Jiwe la mashine nyingi za namna hii lina upana wa milimita 145 hivi, na huzunguka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika. Maana yake, ukingo wa jiwe unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kama basi la Dar es Salaam barabarani. Jiwe lenye ufa likipasuka katika mwendo huo, vipande vyake vinaruka kama risasi.

Kwa hiyo, kabla ya kulifunga, ligonge. Akina mama wanajua jambo hili: huwezi kununua chungu sokoni bila kukigonga usikie sauti yake. Ning'iniza jiwe kwenye kijiti, kisha uligonge taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Likilia sauti safi, ni zima. Likitoa sauti iliyokufa, lina ufa. Usilitumie, livunje kabisa ulitupe, asije mwingine akaliokota. Ukilifunga, usikaze nati kupita kiasi, na usiziondoe zile karatasi za duara zilizobandikwa pande zake. Rudisha kifuniko cha kinga. Kisha washa mashine, usimame pembeni, siyo mbele ya jiwe, uiache izunguke dakika moja bila kazi.

Tena jiwe hili ni jembamba. Ni la mnyororo tu. Usilitumie kunolea panga, shoka wala jembe. Ukilikandamiza ubavuni linavunjika.

Nne, mwili wako. Vaa miwani ya kinga inayofunika macho hata pembeni. Miwani ya jua haitoshi. Funika pua na mdomo, maana vumbi la jiwe na chuma si zuri kwa mapafu. Mikono ya shati ifungwe. Kanga, skafu na nywele ndefu visining'inie. Mnyororo ushike kwa glavu zinazobana vidole, maana jino lililonolewa hukata kama wembe.

KAZI YENYEWE

Safisha mnyororo kwanza. Utomvu na mafuta machafu huziba jiwe. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa, mbali na mashine, kisha uufute na uuache ukauke kabisa.

Halafu tafuta jino fupi kuliko yote. Hilo ndilo kiongozi. Meno mengine yote yatakatwa yalingane nalo. Watu wengi huanza na jino lililo karibu, na mwisho wanajikuta wameyapita mengine. Tia alama ya chaki kwenye jino unaloanzia, usije ukazunguka mara mbili.

Sasa pembe. Minyororo mingi ya kukatia mti kwa kuukingama hunolewa kwa pembe ya digrii 30, na kichwa cha mashine mara nyingi huinamishwa digrii 60. Mnyororo wa kupasulia mbao kwa urefu ni tofauti. Huo hunolewa kwa digrii 10 hivi. Unene wa jiwe nao huenda na mnyororo. Kwa mnyororo wa 0.325 jiwe la milimita 3.2 hutumika sana, na kwa ule mkubwa wa 3/8 jiwe la milimita 4.7 au 4.8. Lakini msishike namba zangu tu. Kila mnyororo una maelezo ya kiwanda chake kwenye boksi, yafuate hayo.

Weka mnyororo kwenye jiliwa ya mashine, ile ambayo mafundi wengi huiita vaisi, uukaze usitikisike. Mashine ikiwa bado imezimwa, shusha jiwe mpaka liguse jino. Tazama kwa makini: jiwe liguse uso wa jino, lakini lisifike kwenye viungo vinavyoshika meno pamoja. Kiungo kikichongwa, mnyororo unaweza kukatika ukiwa kazini. Ukisharidhika, funga kizuio cha kina mahali hapo.

Washa. Acha jiwe lifike mwendo wake. Kisha gusa, achia. Gusa, achia. Kila mguso usizidi sekunde moja au mbili. Usikandamize hata mara moja. Jino lisipofika urefu unaotakiwa, liguse tena baada ya kupoa. Ukiona jino linageuka rangi ya bluu, umeliunguza. Sehemu hiyo imeharibika ugumu wake. Itakuwa butu upesi, au itakuwa kama kioo hata tupa iteleze juu yake. Wala usilimwagie maji lipoe. Liache lipoe lenyewe.

Maliza meno yote ya upande mmoja. Zima mashine, geuza jiliwa upande wa pili kwa pembe ile ile, uanze tena. Hapa lipo kosa la kawaida: meno ya kulia yanatoka marefu kuliko ya kushoto, na msumeno unakwenda upinde. Kata kijiti cha mwanzi kwa urefu wa lile jino kiongozi, upimie meno ya pande zote mbili.

KINUNDU KILICHO MBELE YA JINO

Mbele ya kila jino kuna kinundu kidogo. Kazi yake ni kuamua jino lile mti kiasi gani. Jino linaponolewa linarudi nyuma na kushuka, na kinundu kinabaki juu. Kikiwa juu mno, mnyororo haukati hata ukiwa mkali. Lakini wapo wanaokichonga ovyo ili msumeno ule mti kwa pupa. Hilo ni jambo la hatari kubwa! Jino litang'ang'ania mti, na ncha ya juu ya msumeno ikigusa gogo, msumeno wote unaruka nyuma kumwelekea mkataji, usoni au shingoni, kabla hajapepesa jicho.

Kwa minyororo mingi kinundu kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi, kama karatasi saba za daftari zilizobanwa pamoja. Kipime kwa kipimo chake, baada ya kila mara tatu za kunoa. Tumia tupa bapa, polepole, na vyote vilingane.

KAGUA KABLA YA KULIPA

Ndugu mkulima, ukimpelekea fundi mnyororo wako, usione haya kukagua. Ni mali yako. Uliza na utazame mambo matano: Je, lipo jino la bluu? Je, meno ya kulia na kushoto yanalingana? Je, vinundu vyote viko sawa? Je, viungo vina alama ya jiwe? Je, jino limebaki milimita 4 au zaidi? Likiwa chini ya hapo, au likiwa na ufa, mnyororo huo umemaliza kazi. Usibembeleze. Bei ya mnyororo mpya ni ndogo kuliko mguu wako.

Ukifika nyumbani, piga mnyororo brashi utoe vumbi lote la jiwe, kisha uuloweke katika mafuta. Vumbi hilo likibaki litakula bamba la msumeno upesi sana.

CHECHE IKIINGIA JICHONI

Mwisho nazungumzia jicho. Kipande cha chuma kikiingia jichoni, usifikiche. Usikichokonoe kwa ncha ya kitambaa wala kijiti, na usitie maziwa wala dawa ya majani. Funika jicho taratibu bila kulibana, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa sisi wa Manispaa ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea. Wapo watu wanaosubiri wakidhani maumivu yatakwisha yenyewe, na wanakuja kuonwa jicho likiwa limekwisha kuharibika. Miwani ya kinga huvaliwa kwa sekunde chache. Jicho halina duka.

Basi, ndugu wasikilizaji, kama mtasahau mengine yote, shikeni haya manne: vaa miwani, gonga jiwe, gusa na kuachia, na meno yote yawe sawa. Mlio katika vikundi vya wapanda miti, zungumzeni jambo hili pamoja, na mumwite bwana shamba au afisa misitu wenu mahali mnapoona ugumu. Vijana mnaofanya kazi ya kukata miti ya watu kwa malipo, hasa nyinyi, msikubali kupewa chenso ambayo hamjaikagua mnyororo wake.

Tumepanda miti kwa miaka mingi tukaingoja. Mtu aliyengoja miaka 10 au 15 hashindwi kungoja nusu saa mnyororo unolewe vizuri.

Nawatakia kazi njema na salama. Kwaherini.