Sauti za Wazee Wetu: Kanda za Kale na Wajibu wa Usharika

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Usharika na wageni wa Dayosisi, Daudi, wakati wa maandalizi ya Jubilei)



Nimepewa nafasi niseme machache juu ya kumbukumbu za sauti. Kitabu cha jubilei kitabeba majina, tarehe na picha. Lakini sehemu kubwa ya historia yetu haikuandikwa. Iliimbwa na kunenwa. Lugha yetu ya Kiiraqw ina sauti za kooni ambazo herufi za Kiswahili hazizitoshi. Na slufay, ile sala ya baraka anayoinena mzee huku kusanyiko likimwitikia, ukiiweka kwenye karatasi unabaki na maneno tu. Pumzi ya mzee na mwitikio wa watu havimo.

Naomba nianze kwa kuungama. Marehemu babu yangu alirekodiwa slufay katika kaseti ya dakika 60. Aliyerekodi alikuwa mtu mwangalifu: alivunja vile vibanzi viwili vya mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi tena juu yake. Mimi, kijana wa kwaya, nilikosa kaseti tupu kwa mazoezi ya Krismasi. Nikaziba matundu yale kwa karatasi ya gundi, nikarekodi. Leo hii wimbo wetu ukiisha, zinasikika sekunde chache za sauti ya babu kabla utepe haujafika mwisho. Hizo ndizo nilizowarithisha wanangu.

Ndugu zangu, wengine waliitambua thamani ya sauti mapema. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kusini mwa nchi hii akiwa na fonografu, akinasa nyimbo katika silinda za nta. Nta ni laini, na kila inapochezwa hulika. Kwa sababu hiyo hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, ilitengeneza kalibu za shaba kutokana na silinda kama hizo, ili nakala nyingine ziweze kumiminwa. Mwaka 1999 UNESCO iliingiza mkusanyiko wa Berlin katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Basi, kilichoziokoa sauti zile si kabati zuri, bali ni kunakiliwa kabla hazijalika.

Tuje karibu zaidi. Wengi wetu tulikua tukisikia habari za Radio Sauti ya Injili. Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni liliizindua Addis Ababa mwaka 1963, na vipindi vyake vya Kiswahili vilirekodiwa Moshi, katika kanda. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo kile. Lililojengwa kwa miaka 14 likaondoka mikononi mwa Kanisa kwa mara moja. Funzo ni kwamba kitu cha thamani hakiwekwi mahali pamoja tu.

Kanda zetu nazo zina adui zake. Utepe ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Unyevu huilegeza gundi ile, ukungu huota, na utepe unaonata huacha unga wake kwenye kichwa cha redio. Joto na vumbi huongeza madhara. Adui mwingine ni mashine yenyewe: redio kaseti nzima zimeadimika, na mafundi wa kuzitengeneza wanapungua. Mwaka 2019 UNESCO ilitoa tahadhari kwa dunia nzima juu ya jambo hili. Kanda yaweza kuwa nzima, na bado pasiwepo chombo cha kuichezea.

Kazi yenyewe haihitaji mali nyingi, ila inataka uangalifu. Kichwa cha redio kisafishwe kwa spiriti. Kanda yenye ukungu au inayonata isichezwe, bali ipelekwe kwa mtaalamu. Sauti iingizwe katika kompyuta katika faili la WAV lisilobanwa, wala isisafishwe wala kukatwa. Nakala ya MP3 itengenezwe baadaye kwa ajili ya kusikiliza. Kwa kiwango cha kilohezi 96 na biti 24, saa moja ya sauti ya mono huchukua takriban gigabaiti 1. Nakala ziwe tatu: moja hapa Usharikani, ya pili Dayosisini, ya tatu mbali zaidi. Na kanda ya asili isitupwe.

Lakini hayo yote ni nusu ya kazi. Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe Yordani ili watoto watakapouliza maana yake, wazazi wawajibu. Asipokuwapo wa kujibu, yale ni mawe tu. Vivyo hivyo sauti isiyo na jina. Ni nani anayeomba? Ni kwaya ipi, na ilikuwa mwaka gani? Kompyuta haijui. Anayejua ni bibi aliyeketi safu ya nyuma, naye huenda akatutoka kabla ya kanda kuharibika.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila nyumba itazame masandukuni na kuleta kaseti za zamani, hata zisizo na maandishi. Vijana waketi na wazee, wasikilize pamoja, na kuandika majina. Na tuombe idhini ya familia, maana yapo maneno yaliyonenwa kwa mgonjwa au katika msiba ambayo si ya kutangazwa. Wapo wanaohofia slufay za zamani. Nawajibu kwamba kuitunza sauti ya mzee si kukiri kila neno alilosema, bali ni kumheshimu aliyetuzaa.

Mimi nimechelewa kwa babu yangu. Ninyi msichelewe kwa wenu. Mungu awabariki. Amina.