Dengu za Esau na Kura Yako
(Neno lililotolewa na mwinjilisti kwenye ibada ya maadhimisho)

Nawasalimu mliovuka Busia, Malaba, Namanga na Sirari kuja kushukuru pamoja nasi. Bendera zetu ni tofauti, lakini ugonjwa ni mmoja: kununuliwa kura.

Tanzania, sheria iliwahi kuuruhusu kwa jina tamu la takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipofuta jambo hilo mwaka 2006. Kenya, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inawashika wote wawili, anayetoa na anayepokea. Uganda, mahakama zimeshatengua ushindi wa wabunge kwa sababu ya hongo. Na bado sabuni, chumvi na noti zinagawiwa usiku!

Tufungue Mwanzo 25. Esau alitoka porini, njaa inamuuma. Njaa ile ilikuwa ya kweli, tusimcheke. Lakini aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Kesho yake njaa ilirudi, haki haikurudi.

Hebu piga hesabu. Shilingi 500 za Kenya kwa miaka 5 ya MCA ni chini ya senti 30 kwa siku. Hata peremende hupati! Naye aliyemwaga pesa kampeni nzima haendi barazani kufunga na kuomba. Anaenda kurudisha mtaji. Atautoa wapi? Kwenye dawa za zahanati yako. Kwenye tenda ya daraja lako.

Na sisi watumishi tusijifiche madhabahuni. Mgombea akileta mabati wiki ya kampeni, halafu aombe "kusalimia kidogo tu", jueni ananunua mimbari. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilitangaza kurudisha michango ya wanasiasa. Je, sisi tunaonena kwa lugha tutashindwa?

Kuna wanaosema, "Kula zao, kura piga unakotaka." Mpendwa, huo nao ni uongo, umeuza neno lako. Mwingine anasema, "Mtumishi, nilishapokea, tena nikaapishwa kwa Biblia." Kiapo cha kutenda uovu hakikufungi. Tubu, rudisha ukiweza, usipokee tena. Kwenye kibanda cha kura uko wewe na Mungu wako tu.

Mwambie jirani yako: mimi siuzwi! Mwambie tena!

Mungu awabariki. Amina.