Wageni wa Kujitolea Shuleni: Nani Anabaki na Darasa?

Mada kwa semina ya walimu wakuu na wenyeviti wa kamati za shule, Usa River



Nimetakiwa nianze na maana ya kujitolea. Maana hiyo mnaijua, kwa kuwa nyinyi ndio mliochimba misingi ya madarasa. Historia nayo si ngeni. Shirika la kujitolea la Marekani, Peace Corps, liliingia Tanganyika mwaka 1961. Wadenmarki nao walianzisha chuo hapa hapa upande wa Usa River, na watu wao wakajifunza Kiswahili kabla ya kupelekwa vijijini. Mwalimu wa Peace Corps hufundishwa lugha kwa takribani miezi mitatu, kisha hukaa kituoni miaka miwili. Faida za wageni ni nyingi na hakuna anayezibishia, kwa hiyo nizipite.

Tatizo ninalolipigia kelele miaka yote ni muda. Sisemi kwa niaba ya Halmashauri ya Meru wala ya Arusha, na mashirika mengi yanafanya kazi njema. Lakini mgeni wa siku hizi hukaa wiki mbili, nne akizidisha. Amemlipa wakala kwao, anatua uwanja wa ndege wa KIA, anapangiwa nyumba Njiro au Moshono mjini Arusha, na Jumatatu anakabidhiwa chaki. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, naye Kiswahili hana. Hajaona azimio la kazi. Andalio la somo hajui likoje. Watoto wanaimba naye, wanapiga picha, na mwalimu wa somo anakwenda kusahihisha madaftari ofisini. Akiondoka anakuja mwingine, anaanza tena na rangi na namba. Katika shule moja ya mlimani nilikuta darasa la nne limerudia hayo hayo muhula mzima, huku Upimaji wa Kitaifa ukikaribia. Mzazi aliniuliza ni nani mwalimu wa mwanawe. Sikuwa na jibu.

Na wengi hupata likizo kwao Juni, wakati ambao shule zetu zimefungwa. Hapo ndipo wanapopelekwa kwenye vituo vya kulelea watoto, ambako mtoto humzoea mtu leo na kuachwa wiki ijayo.

Linaloniuma zaidi ni hili. Katika shule hizo hizo yumo kijana wetu mwenye stashahada ya ualimu, anasubiri ajira, anajitolea kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi. Anajua mtaala, anajua lugha, anawajua wazazi. Mwezi ambao michango haikutosha, halipwi. Ada ambayo mgeni mmoja amemlipa wakala ingemweka kijana huyo darasani kwa miezi mingi.

Mapendekezo yangu. Asiyeweza kukaa muhula mzima asipewe darasa. Atakayekaa, awe na Kiswahili cha kuanzia na awe msaidizi wa mwalimu. Mwalimu asitoke darasani. Mwalimu mkuu aone kibali cha ukaazi cha daraja linalohusu wanaojitolea, pamoja na hati ya polisi ya kwao, kabla mgeni hajaonana na mtoto yeyote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatudai ulinzi huo. Wakala aieleze kamati ya shule, kwa maandishi, ni kiasi gani cha ada kinafika shuleni, na sehemu yake iende kwenye posho ya walimu wetu wanaojitolea. Wa wiki chache wapewe kazi inayolingana na ujuzi wao. Kwa mfano, Ngarenanyuki maji yana floraidi nyingi, watoto wana meno ya kahawia na wengine miguu imepinda. Fundi wa matangi ya maji ya mvua, au mkemia wa kushirikiana na kituo cha Ngurdoto kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, anatufaa hata akikaa wiki tatu. Vituo vya watoto visipokee kabisa mgeni wa muda mfupi. Na narudia: asiyekaa muhula asipewe darasa.

Walimu wakuu wengi wananiambia wanaogopa kukataa, kwa kuwa mgeni huja na madawati. Naielewa hofu hiyo. Basi uamuzi usiachwe kwa mwalimu mkuu peke yake. Kila mwenyekiti aliyepo hapa alipeleke jambo hili kwenye kikao cha kwanza cha kamati yake muhula ujao, na muhtasari wa kikao hicho umfikie Afisa Elimu Kata.